Upasuaji wa Pua: Kutoka Paji la Uso Hadi Barabara ya Mombasa

Upasuaji wa pua kwa ajili ya urembo, ambao siku hizi hutangazwa jijini Nairobi kana kwamba ni jambo la jana, ulizaliwa na upasuaji wa kale uliowarudishia sura watu waliokatwa pua vitani au kwa adhabu. Waganga wa India walijua tangu zamani kukata kipande cha ngozi ya paji la uso, kukigeuza bila kukitenga na mishipa yake ya damu, na kukishona mahali pa pua iliyopotea; mbinu hiyo ilichapishwa London mwaka 1794, na baada ya miaka 20 ikajaribiwa huko na daktari Joseph Carpue. Kurekebisha pua nzima isiyo na jeraha kulikuja baadaye, pale John Orlando Roe wa Rochester, Marekani, alipoeleza mwaka 1887 namna ya kupasua kupitia ndani ya matundu ili kovu lisionekane, naye Jacques Joseph wa Berlin akaanza kupunguza pua mwaka 1898, mwanzoni kwa kupasua kutoka nje.

Huku Kenya, katika eneo la Ukambani, haja ya kuubadili mwili ili upendeze haikungoja hospitali, kwa kuwa Wakamba walikuwa wakichonga meno ya mbele kwa chuma chenye makali hadi yawe na ncha, na ncha hizo zilihesabiwa kuwa urembo. Kisu cha daktari bingwa wa upasuaji wa maumbile, kwa upande wake, kilikuja Afrika Mashariki kwa ndege. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili, alikuwa na shamba Tanganyika karibu na Kilimanjaro, na yeye pamoja na wanafunzi wake Michael Wood na Tom Rees ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Rees alijulikana New York kwa kuwarembesha matajiri, lakini huku Afrika Mashariki mikono iyo hiyo ilishona midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa na nyuso zilizoungua, jambo ambalo wanaoubeza upasuaji wa urembo kuwa upuuzi wa wenye fedha wangefaa kulikumbuka.

Anayeupania leo upasuaji wa pua hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha daktari hupunguza, husogeza au huongeza mfupa na gegedu, yaani ile tishu ngumu inayoipa pua ncha yake, ama kwa kupasua ndani tu, ama kwa kukata pia kijisehemu cha ngozi kilicho kati ya matundu. Pua hufungwa bamba gumu kwa takriban wiki moja, macho huvimba na kuvilia damu kwa wiki mbili hivi, na uvimbe wa ncha waweza kuchukua mwaka mzima kwisha, hasa kwa wenye ngozi nene. Kwa hiyo anayejitazama kwenye kioo baada ya mwezi bado hajaiona pua yake mpya. Mtu ambaye vidonda vyake hupona kwa keloidi, kovu linalokua kupita mipaka ya jeraha, hana budi kumweleza daktari mapema, na kijana husubiri hadi uso ukome kukua. Wengine hubaki wakipumua kwa shida, na baadhi hupasuliwa mara ya pili.

Kwa mkazi wa Kambu, mji ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, pua huenda ikahitaji daktari zaidi kwa sababu ya ajali ya bodaboda kuliko kwa sababu ya urembo. Mfupa uliovunjika hurudishwa kwa urahisi ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla haujaunga vibaya. Damu ikijikusanya kwenye ukuta unaotenga matundu mawili, dalili yake ikiwa uvimbe laini unaoziba pua ndani, haifai kungoja hata siku mbili, kwani gegedu hukosa damu na kuoza, na mgongo wa pua ukishabonyea hujengwa upya kwa gegedu la sikio au la ubavu, kazi ambayo mara nyingi humlazimu majeruhi kufunga safari hadi Nairobi au Mombasa.