KABLA HUJAMWITA MTU MSALITI



Kuna neno linatutoka mdomoni haraka sana siku hizi: msaliti. Ndugu akihama chama, msaliti. Dada akihama kanisa, msaliti. Leo nataka tulichunge neno hili, kwa sababu mimi mwenyewe liliwahi kunitoka vibaya, na nitakuambia ilikuwaje.

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa mtu aliyevunja uaminifu, na kila moja lina uzito wake. MWASI anakataa mamlaka, na mara nyingi anakataa hadharani. HAINI ni neno la mahakamani zaidi: katika sheria ya Kenya uhaini ni kosa dhidi ya taifa, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. MSALITI ni mtu wa karibu. Adui hawezi kukusaliti, kwa maana hukumwamini tangu mwanzo. Kisha kuna KUKANA, ambako mara nyingi ni woga tu.

Fungua 2 Samweli 15. Absalomu ni mwasi: alipiga tarumbeta akataka kiti cha baba yake. Lakini Ahithofeli alikuwa mshauri wa Daudi, anayejua siri za nyumba, naye akaenda upande wa pili. Huyo ndiye msaliti. Sasa njoo kwa mitume. Yuda alipatana bei, vipande 30 vya fedha. Petro alitetemeka mbele ya kijakazi, akakana, akatoka nje akalia. Ukiwaita wote wawili wasaliti, utamfungia Petro mlango ambao Yesu alimfungulia.

Sasa tuje nyumbani. Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Walioingia msituni wakaitwa magaidi. Waliosimama na serikali, wakiwemo homugadi, wakaitwa watiifu, na wengine wakapewa hati za kuthibitisha utiifu wao. Lakini msituni, mtiifu huyo huyo aliitwa msaliti wa nchi yake. Mtu mmoja, kijiji kimoja, majina mawili. Yalitegemea nani anaongea.

Dedan Kimathi alinyongwa 18 Februari 1957. Hata hivyo hakuhukumiwa kwa uhaini, bali kwa kupatikana na bastola na risasi. Mau Mau waliendelea kuhesabiwa kundi haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru! Na tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Yeye alikuwa kaburini wakati huo wote. Kilichobadilika ni neno.

Lakini kuna kundi la tatu ambalo hatulitaji sana. Ni waumini wa Uamsho wa Afrika Mashariki kule Mlima Kenya. Wengi wao walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kufunikwa na damu ya Yesu. Wengi pia walikataa kushika bunduki ya serikali. Hawakuwa na ulinzi wa upande wowote. Kwa wapiganaji walionekana wameiacha nchi. Kwa serikali hawakuonekana watiifu wa kutosha. Baadhi yao waliuawa. Je, walimsaliti nani? Ahadi waliyompa Bwana waliishika.

Yeremia aliyapitia haya (Yeremia 37). Alikamatwa kwenye lango la Benyamini akiambiwa anawakimbilia Wakaldayo. Akapigwa, akafungwa. Ilhali yeye ndiye aliyeipenda Yerusalemu kiasi cha kuiambia ukweli.

Mpendwa, hapa ndipo Neno lilinishika mimi. Miaka iliyopita mzee mmoja wa kanisa alinijia faraghani, akaniambia hesabu za ujenzi haziko sawa na washirika wameanza kunung'unika. Hakusema kwa watu. Alisema kwangu. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya Yuda, na kila mtu alijua ninamlenga nani. Aliondoka na familia yake. Baadaye tulipokaa na vitabu, tukakuta alisema kweli. Nilikuwa nimemwita Yuda mtu aliyekuwa Yeremia wangu. Nilienda kwake nikaomba msamaha, kisha nikaomba msamaha mbele ya kanisa, maana nilimkosea mbele ya kanisa. Alinisamehe. Lakini watoto wake hawakurudi, na hilo nalibeba mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla neno hili halijakutoka, jiulize maswali matatu:

1. Mtu huyu aliahidi nini, na alimwahidi nani?
2. Amekuuza, au amekuambia usichopenda kusikia?
3. Kama ameanguka, ameanguka kama Yuda au kama Petro?

Kuna usaliti wa kweli. Wako wanaosoma hapa waliouzwa na mtu waliyekula naye sahani moja, na sikwambii ujifanye haukuumia. Daudi aliulilia katika Zaburi 55. Lia nawe. Lakini usimpe jina hilo mtu ambaye kosa lake ni kukataa kukudanganya.

Kama kuna mtu ulimwita msaliti naye hakuwa, mpigie simu leo. Usingoje miaka 50.

Baba, linda vinywa vyetu. Tupe moyo wa kumsikiliza Yeremia na wa kumngoja Petro arudi. Katika jina la Yesu, Amina.