Nani Aliyeshindwa?

Mwezi wa Novemba mwaka 2000 baraza letu la kahawa pale Ngamiani, Tanga, lilipata karamu ambayo halikuitegemea. Wamarekani walipiga kura Jumanne tarehe 7, na Jumatano asubuhi wakaamka bila kumjua Rais wao mteule. Sisi wenyewe tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba. Kule Zanzibar mambo yalikuwa yamevurugika, majimbo 16 yakarudia kupiga kura tarehe 5 Novemba, na wageni waliokuja kututazama walitusomea mengi. Basi redio ilipotuambia kwamba huko Florida watu wanazinyanyua karatasi za kura kwenye mwanga, moja moja, wapate kujua kitobo kimetoboka au hakikutoboka, furaha ya baraza haikufichika.

"Tuwapelekee waangalizi," akasema muuza kahawa, na vicheko vikaangua.

Haikuwa furaha safi, nakiri. Ilikuwa ile ya mtu aliyefumaniwa, akamwona jirani yake naye kafumaniwa. Lakini siku zilivyokwenda mzaha ukageuka kuwa ubishi wa kweli, kwa maana ilifahamika kwamba Al Gore alikuwa amepata kura nyingi zaidi nchi nzima, zaidi ya nusu milioni, na bado huenda akaukosa urais. Kijana mmoja fundi baiskeli hakuweza kulimeza hilo. Alishika kikombe chake hata kahawa ikapoa.

"Mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Kuna nini cha kueleza hapo?"

Kwa kuwa mimi nilikuwa nikifundisha historia, macho yote yakanigeukia. Nikawaeleza kwamba Mmarekani hampigii Rais kura moja kwa moja. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua Rais, idadi yao ikiwa sawa na wabunge na maseneta wa jimbo hilo, na karibu kila mahali anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, huwazoa wajumbe wote. Wajumbe wote pamoja ni 538, na wa kushinda anahitaji 270. Mshabiki mmoja wa Coastal Union akanisaidia kuliko vitabu vyangu: "Kumbe ni ligi! Waweza kufunga mabao mengi kuliko wote, na ubingwa ukaukosa, kwa sababu yanayohesabiwa ni mechi." Mfano ule uliwatuliza wote isipokuwa fundi baiskeli, aliyetaka kujua ni nani aliyeitunga ligi ya namna hiyo, na kwa faida ya nani.

Swali lile lilikuwa zuri kuliko majibu niliyokuwa nayo siku ile. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika katiba walikuwa na sababu nyingi. Waliogopa wananchi wa mbali kutomjua mgombea, waliogopa majimbo madogo kumezwa, na walikuwa wamechoka. Lakini ilikuwepo na sababu nyingine iliyosemwa waziwazi katika mkutano ule. Majimbo ya Kusini yalikuwa na watu wengi ambao hawakuwa na kura, nao ni watumwa. Katika uchaguzi wa moja kwa moja watumwa wale wasingewafaa mabwana zao kitu. Katika utaratibu wa wajumbe waliwafaa, maana ilikuwa imekwisha kukubaliwa kwamba katika kugawa viti vya bunge watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Kwa hiyo mtumwa hakupiga kura, ila aliongeza uzito wa kura ya bwana wake. Katika miaka 36 ya mwanzo ya urais wa nchi ile, miaka 32 ilishikwa na watu wa Virginia, jimbo lililokuwa na watumwa wengi kuliko yote.

Haya niliyaeleza kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kufika mwaka 1876. Mwalimu hukosa adabu kidogo anapokaribia kisa akipendacho.

Mwaka ule Samuel Tilden wa Chama cha Democratic alimshinda Rutherford Hayes wa Republican kwa kiasi cha kura 250,000. Watu waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 82 ya wenye haki ya kupiga kura, kiwango ambacho Wamarekani hawajakifikia tena. Ushindi ulihitaji wajumbe 185. Tilden alikuwa nao 184, Hayes 165, na wajumbe 20 walikuwa na mgogoro: saba wa Carolina Kusini, wanane wa Louisiana, mmoja wa Oregon, na wanne wa jimbo ambalo baraza zima lililitaja kwa sauti moja kabla sijafungua kinywa: Florida!

Kutoka majimbo matatu ya Kusini zilifika Washington hesabu mbili mbili, kila chama na yake, kila moja ikidai ndiyo halali. Katiba haikusema ni ipi ifunguliwe. Bunge likaunda tume ya watu 15: wabunge watano, maseneta watano, majaji watano wa Mahakama ya Juu. Saba walikuwa wa chama hiki, saba wa chama kile, na wa kumi na tano alitarajiwa kuwa jaji David Davis, aliyejulikana kuwa hana chama. Kumbe bunge la jimbo la Illinois, kwa kura za Wademocrat wenyewe, likamchagua Davis kuwa seneta, naye akajitoa kwenye tume. Mahali pake akaketi Joseph Bradley, Republican. Kila shauri lililoletwa mbele ya tume liliamuliwa kwa kura nane dhidi ya saba, na wajumbe wote 20 wakaenda kwa Hayes. Tarehe 2 Machi 1877 alitangazwa mshindi: 185 kwa 184.

Fundi baiskeli alipiga paja lake. "Si wizi huo, Mwalimu? Tilden kaibiwa mchana kweupe."

Hapo ndipo aliponiingilia mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa majahazi, ambaye kawaida yake ilikuwa kusikiliza tu akigeuzageuza tasbihi yake.

"Mwalimu mwanangu, hao watu weusi wa Kusini, vita si vilikuwa vimekwisha? Walikuwa huru. Walipiga kura?"

Nikamwambia, ndiyo, Babu, sheria iliwaruhusu. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, na marekebisho ya katiba ya mwaka 1870 yalikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa alikuwa mtumwa. Walipiga kura, walichaguliwa, waliketi mabungeni. Mwaka ule wa 1870 Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

"Basi mwaka huo wa 1876 walimpa nani?"

Swali lile la nahodha lilinikata. Watu weusi walikuwa upande wa Republican, chama cha Lincoln. Katika Carolina Kusini walikuwa wengi kuliko wazungu. Kama wote wangepiga kura kwa amani, pasingekuwapo mgogoro wa kupeleka kwenye tume. Lakini hapakuwa na amani. Mwezi Julai wa mwaka ule, katika mji mdogo wa Hamburg, wazungu wenye silaha walikizingira kikosi cha mgambo weusi. Weusi sita waliuawa, wengine wao wakiwa wamekwisha kukamatwa. Mmoja wa walioongoza wazungu siku ile, Matthew Butler, mwaka uliofuata alikwenda Washington kuwa seneta. Katika sehemu nyingi za Kusini makundi ya wapanda farasi yalizunguka vijijini kabla ya siku ya kura, na waliofahamu maana yake walibaki nyumbani. Upande wa pili nao, maofisa wa Republican waliokuwa na mamlaka ya kukagua matokeo walifuta kura za wapinzani kwa maelfu, wakisema zimepatikana kwa vitisho. Mahali pengine ilikuwa kweli, pengine ilikuwa uongo mtupu. Kura zilizohesabiwa Carolina Kusini zilizidi idadi ya wapiga kura waliokuwapo.

Kwa hiyo yule aliyesema Tilden kaibiwa alikuwa na haki ikiwa tunahesabu zile zilizoingia sandukuni. Ila nimekuwa nikikisimulia kisa hiki darasani miaka mingi kama kisa cha hesabu, nane dhidi ya saba, 185 dhidi ya 184, na wanafunzi wangu wamekipenda kwa sababu hiyohiyo. Sikuwahi kukianzia kwa mkulima mweusi aliyesikia kwato za farasi usiku akaamua kutokwenda. Yeye hakuwa katika tarakimu yoyote ile.

Wakati tume inamaliza kazi yake, Wademocrat bungeni walitishia kuchelewesha hesabu hadi muda uishe. Mwishoni mwa Februari 1877 watu wa pande mbili walikutana katika Hoteli ya Wormley, Washington, wakapatana. Wapo wanahistoria wanaosema mapatano yale yametiwa chumvi, na kwamba Hayes alikwisha kuamua mwenyewe. Huenda. Lakini lililofuata halina ubishi: mwezi Aprili askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za Republican katika Carolina Kusini na Louisiana walirudishwa kambini, na serikali zile zikaanguka.

"Na weusi wenyewe," akauliza nahodha, "walikuwa na nani katika hiyo hoteli?"

"Hoteli ilikuwa yao," nikasema. Mwenyewe James Wormley alikuwa mtu mweusi, mtu wa heshima na mwenye mali. Meza waliyopatania ilikuwa yake. Hakuna aliyecheka barazani.

Kilichotokea baadaye hakikutokea kwa siku moja, na hili husahauliwa. Weusi waliendelea kupiga kura kwa miaka kadhaa, wachache zaidi kila uchaguzi. Kisha wakaja wanasheria kumalizia kazi ya wapanda farasi. Mississippi iliandika katiba mpya mwaka 1890, ikaweka kodi ya dola mbili na mtihani wa kusoma. Louisiana ilifuata mwaka 1898. Katika daftari la wapiga kura la Louisiana la mwaka 1896 walikuwapo watu weusi 130,334. Mwaka 1904 walikuwa 1,342.

Carolina Kusini iliandika ya kwake mwaka 1895, na katika mkutano ule walikuwapo wajumbe weusi sita, mmojawapo Robert Smalls. Huyu nilikuwa nimemtaja barazani kwa kupita tu, lakini nahodha alinirudisha, akataka habari zake zote, nami nilizitoa kwa furaha. Smalls alizaliwa mtumwa, akawa mwendeshaji wa meli ya jeshi la Kusini iliyoitwa Planter, katika bandari ya Charleston. Kabla ya alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, aliwasha meli, akavaa kofia ya kapteni, akampakia mkewe na watoto pamoja na wenzake, akapita mbele ya ngome moja baada ya nyingine akipiga honi kwa ishara walizozoea walinzi. Alipotoka nje ya shabaha ya mizinga alishusha bendera ya Kusini, akapandisha shuka jeupe, akaikabidhi meli kwa jeshi la Kaskazini.

"Shuka la kitandani?" akauliza nahodha.

"La kitandani, Babu."

Smalls akawa mbunge Washington, na hata mwaka 1876, katika vurugu zile, alikitetea kiti chake akashinda. Mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka 56, aliketi katika mkutano ambao kila aliyekuwamo alijua umeitwa kwa ajili gani. Alisema, akapinga, akashindwa kwa kura, kisha akakataa kuitia sahihi katiba ile. Alifariki mwaka 1915. Ilibidi ipite miaka hamsini zaidi, na damu ya Selma, ndipo sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ikawarudisha watu wake kwenye masanduku.

Ubishi wetu wa Novemba ulimalizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 12 Desemba, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Florida ilikwenda kwa George W. Bush kwa tofauti ya kura 537, na urais ukaifuata. Mwaka 2016 jambo lilelile lilitokea tena, safari hii tofauti ikiwa karibu milioni tatu, na fundi baiskeli, ambaye sasa ana duka lake, alinipigia simu kuniuliza kama ile ligi haijavunjwa tu.

Lakini mimi niliyoyasoma baadaye juu ya Florida ya mwaka 2000 yalinirudisha kwenye swali la nahodha. Sheria ya jimbo lile ilimnyima kura maisha yake yote mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, hata akiisha kumaliza kifungo chake, isipokuwa akisamehewa na wakuu wa jimbo. Mzizi wake ulikuwa katika katiba ya Florida ya mwaka 1868, iliyoandikwa mara baada ya weusi kupata uhuru. Siku ile ya Novemba watu waliozuiwa namna hiyo walikuwa mamia ya maelfu, na weusi walikuwa wengi mno kati yao kuliko wingi wao katika jimbo. Wananchi wa Florida waliiondoa sheria ile kwa kura mwaka 2018. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka sharti kwamba mtu alipe kwanza faini na gharama zote za mahakama.

Nahodha hakuyapata hayo. Alikufa kabla, na barazani pale pamejengwa duka la vipuri. Siku ya mwisho niliyomkuta alikuwa bado anawahadithia vijana wa kahawa habari za meli iliyopita mbele ya mizinga na shuka la kitandani, na katika simulizi lake Smalls alikuwa ameingia bandarini Tanga.