Kanzidata ya Iceland Ambayo Haikujengwa
Mwaka 1996 Kári Stefánsson, daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu aliyekuwa akifundisha Harvard, alianzisha kampuni ya deCODE genetics mjini Reykjavík, kwa lengo la kukutanisha ndani ya kompyuta taarifa za aina tatu zilizokuwa zikikaa mbalimbali: mafaili ya wagonjwa, nasaba za koo, na vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo katika seli za mwili. Iceland iliifaa kazi hiyo kuliko nchi nyingi, kwa kuwa watu wake, ambao hawakufika 300,000, walikuwa na kumbukumbu za nasaba za karne nyingi.

Ili kuwezesha mpango huo wa kampuni, Desemba 1998 bunge la nchi hiyo, Althingi, lilipitisha sheria ya kuingiza mafaili ya hospitali katika kanzidata moja, yaani hazina ya taarifa iliyopangwa ili kompyuta iweze kuzitafuta na kuzilinganisha, kwa ridhaa ya kudhaniwa tu: asiyetaka ndiye aliyetakiwa kujaza fomu ya kujitoa, na marehemu, ambao hawakuwa na namna ya kujaza chochote, waliingizwa pamoja na walio hai. Kasoro hiyo ilikuwa kubwa mno kwa sheria inayogusa siri za mwili wa mtu, na takriban watu 20,000 walijitoa.

Binti mmoja aliomba taarifa za marehemu baba yake zisiingizwe, na alipokataliwa alikwenda mahakamani. Novemba 2003 Mahakama ya Juu ilimpa haki, ikieleza kwamba taarifa za mzazi huweza kumfichua mtoto aliyemrithi, na kwamba kuficha jina kwa tarakimu za siri hakutoshi kumlinda mtu endapo umri wake, makazi, kazi na hali ya ndoa vinaendelea kusomeka. Kanzidata hiyo haikujengwa kamwe. Kampuni iliendelea na utafiti kwa waliotoa damu kwa ridhaa yao, na mwaka 2012 ikanunuliwa na Amgen kwa dola milioni 415.

Nchini Uingereza, mradi wa UK Biobank ulishika njia iliyo bora zaidi: kati ya 2006 na 2010 uliandikisha watu wapatao 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kila mmoja akitia saini ya kuruhusu damu yake ihusishwe na mafaili yake ya matibabu. Mwaka 2023 ramani kamili za vinasaba vya karibu wote zilifunguliwa kwa watafiti, na kila mshiriki bado ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.