Nyota wa mamilioni besiboli: Je, timu hupata faida?

KILA msimu wa baridi unapoingia Marekani na viwanja vya besiboli kufungwa, mashabiki wa mchezo huo hurejelea mjadala ule ule: je, timu inayomwaga mamilioni ya dola kumsajili nyota mmoja hupata faida au hujitwika mzigo?

Mjadala huu hautofautiani sana na ule wa kandanda tuliouzoea, ila kanuni zake ni tofauti. Katika kandanda, klabu hulipa klabu nyingine ada ya uhamisho. Katika ligi kuu ya besiboli, mchezaji aliyetimiza miaka sita ya utumishi na ambaye kandarasi yake imekwisha huwa mchezaji huru. Timu zote humnyemelea, na timu anayoihama hailipwi ada yoyote ya kumnunua.

Uhuru huo ulipiganiwa. Kwa miongo mingi, kifungu kimoja katika mikataba kilimfunga mchezaji kwa timu yake hadi pale ingeamua yenyewe kumuuza au kumtema. Mnamo 1969, Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kupelekwa Philadelphia, akaenda kortini. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupilia mbali kesi yake mwaka wa 1972.

Hata hivyo, mnamo Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kuwa warushaji Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru kujitafutia waajiri. Tangu hapo bei zimekuwa zikipaa. Aidha, fedha hizo kwa kawaida huwa za uhakika: mchezaji akijeruhiwa au akipoteza makali, timu hulazimika kuendelea kumlipa hadi kandarasi iishe.

Ili kuelewa kwa nini mashabiki hawaafikiani, ni muhimu kuufahamu mchezo wenyewe. Katika mpira wa vikapu, nyota anaweza kupewa mpira kila timu inaposhambulia. Katika besiboli, wapigaji tisa hupokezana zamu, kwa hivyo hata aliye hodari kupindukia hushika gongo mara nne au tano tu katika mechi. Naye mrushaji anayeanzisha mechi hucheza takriban mara moja katika kila siku tano.

Msimu una mechi 162. Mchezaji bora kabisa hukadiriwa kuiongezea timu ushindi wa mechi nane hivi kuliko mbadala wa kawaida. Timu iliyokuwa ikishinda mechi 71 itafika 79, na bado itatazama mchujo kwenye runinga. Iliyokuwa ikishinda 88 itafika 96, na huenda ikatwaa taji. Nyota ni yule yule na bei ni ile ile, ila tunda ni tofauti.

Mfano bora ni msimu wa baridi wa 2000. Mnamo Desemba mwaka huo, Texas Rangers walimpa Alex Rodriguez dola milioni 252 kwa miaka 10, nao Boston Red Sox wakampa Manny Ramirez dola milioni 160 kwa miaka minane.

Rodriguez hakuzembea. Alipiga mipira 52 iliyovuka uzio mwaka wa 2001, akapiga 57 mwaka uliofuata, na mnamo 2003 akatawazwa mchezaji bora wa ligi yake ya American League. (Mnamo 2009 alikiri kwamba alitumia dawa haramu katika miaka hiyo mitatu.) Lakini safu ya warushaji wa Texas ilikuwa dhaifu, na timu ikavuta mkia katika kundi lake misimu yote mitatu. Ilimuuza kwa New York Yankees mapema 2004, na mwaka huo bila yeye ikashinda mechi 89, kutoka 71 za mwaka uliotangulia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ramirez alijiunga na timu iliyokuwa na nguzo nyingine, akiwemo mrushaji stadi Pedro Martinez. Hata hivyo, mnamo 2003 Boston walimtoa bure kwa timu yoyote ambayo ingekubali kubeba kandarasi yake. Hakuna iliyojitokeza. Mwaka mmoja baadaye alitajwa mchezaji bora wa fainali za World Series, Boston ilipotwaa taji baada ya kungoja miaka 86. Wanaoharakisha kutoa hukumu hawana budi kuukumbuka mfano huo.

Suala la pili ni umri. Kwa kuwa miaka sita ya kwanza ni ya timu iliyomlea, wachezaji wengi hupata uhuru wakikaribia au wakiwa wamepita umri wa miaka 30. Mnunuzi hulipa kwa sababu ya yale aliyoyatenda jana, ilhali atakayoyapata ni ya kesho.

Albert Pujols aliichezea St. Louis kuanzia 2001 hadi 2011, akashinda tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi na mataji mawili ya World Series. Kisha Los Angeles Angels wakamsajili kwa dola milioni 240 kwa miaka 10, akiwa karibu kutimiza miaka 32. Katika muda huo Angels walifika mchujo mara moja tu, mwaka wa 2014, wakaondolewa bila kushinda mechi hata moja. Walimtema Mei 2021. St. Louis walikula nyama, Angels wakaachiwa mifupa.

Tatu ni majeraha, ambayo hayapigiwi ramli. Washington Nationals walimpa mrushaji Max Scherzer dola milioni 210 mwaka wa 2015. Alishinda tuzo ya mrushaji bora mnamo 2016 na 2017, na timu ikatwaa taji 2019. Desemba hiyo hiyo wakampa mwenzake, Stephen Strasburg, dola milioni 245. Kwa sababu ya majeraha, alianzisha mechi nane pekee kabla ya kustaafu 2024.

Wanaopinga matumizi makubwa hupenda kutaja Oakland. Baada ya msimu wa 2001, timu hiyo ilimpoteza Jason Giambi, aliyechukuliwa na Yankees kwa dola milioni 120. Mnamo 2002, Oakland walishinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo. Yankees, waliokuwa na bajeti ya mishahara takriban mara tatu ya ile ya Oakland, nao walishinda 103. Lakini upande wa pili una jibu: timu zote mbili ziling'olewa katika raundi ya kwanza ya mchujo.

Katika miaka ya karibuni dau limepanda zaidi. Mnamo Desemba 2023, Los Angeles Dodgers walikubaliana na Shohei Ohtani wa Japani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, ambapo milioni 680 zitalipwa kati ya 2034 na 2043. Dodgers walishinda mataji ya 2024 na 2025. Juan Soto alijiunga na New York Mets Desemba 2024 kwa dola milioni 765 kwa miaka 15, na timu yake ikakosa mchujo wa 2025.

Ni mapema mno kufunga hesabu za wawili hao. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kuwa Dodgers walikuwa wamefika mchujo kila mwaka tangu 2013, kabla ya Ohtani kuwasili. Nyumba ilikwisha simama, wakanunua paa.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, shabiki anafaa kuuliza maswali mawili: mchezaji huyu ana miaka mingapi, na timu hii ilishinda mechi ngapi bila yeye? Na panapotokea hasara, lawama isimwendee mchezaji peke yake. Yeye hakujiandikia hundi.