Kijito, Hori na "Creek"

Neno "creek" tunakutana nalo kila siku huku Marekani: Beargrass Creek kule Louisville, Alum Creek Columbus, Scajaquada Creek Buffalo. Mtu wa pwani akilitafsiri kwa mazoea atasema hori. Ana sababu. Mwingereza alipochora ramani za Mombasa, "creek" zake zilikuwa Tudor na Mtwapa, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, maji ya chumvi, kupwa na kujaa. Hori lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ndilo khor la Khor Dubai.

Walowezi wa Kiingereza walikuja Marekani na maana hiyo hiyo. Walipopita na vyombo vyao waliona midomo ya maji tu, wakaiita "creek". Baadaye walipoyafuata maji hadi juu, wakakuta ni mito midogo ya maili nyingi. Jina likabaki.

Basi huku tafsiri yake ni kijito. Mzizi ni -to, silabi moja, ndiyo maana tunachomeka -ji-, kama mti na kijiti. (Tungesema "kito" tungejikuta dukani kwa sonara!) Neno limekaa hata katika majina ya mitaa: Kijitonyama ya Dar es Salaam, Kijitoupele ya Unguja. Ndugu zetu wa Kongo ya mashariki, waliozoea ka-, wakisema kamto tunaelewana.

Mimi ni mhandisi wa maji, na hofu yangu ni matangazo ya mafuriko. Ukiandika hori, mtu wa Uvira atajiuliza bahari iko wapi. Tena udogo wa jina unadanganya. Ohio ilipoizamisha Louisville Januari 1937, maji yalipanda kwa siku kadhaa. Kijito kilichozungukwa na lami na mapaa hujaa kwa saa chache tu. Scajaquada ndiyo hata haionekani kwa maili kadhaa, maana ilifunikwa chini ya mji miaka ya 1920. Watu wa Uvira hawahitaji kufundishwa hili: Aprili 2020 Mulongwe, mto mfupi unaoshuka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika, ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba.

Watafsiri, nawaomba muandike "kijito cha Beargrass Creek", jina la Kiingereza libaki kwa kuwa ndilo lililo kwenye vibao vya barabarani, na pembeni muongeze: hujaa ghafla.