Kisiwa kisicho na majabali

Msafiri anayepanda vilima vya magharibi mwa Pemba, kati ya Wete na Mkoani, atakutana na mikarafuu, minazi, udongo mwekundu na mabonde ya mpunga. Jabali la kuchongwa hatalipata. Vilima vile ni vya udongo na mchanga, na upande wa mashariki chini ni chokaa ya matumbawe ya kale, iliyojaa matobo na ncha kali. Jiwe la namna hiyo hulika kwa mvua. Hata kama mtu angelichora miaka elfu kumi iliyopita, mchoro usingedumu.

Bara mambo ni mengine. Kolo na vijiji vya jirani wilayani Kondoa vina majabali makubwa yenye watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi ya michoro hiyo mwaka 1951, na UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hiyo ni ya rangi. Anayetaka mwamba uliochongwa hasa, ubavuni mwa kilima, aende Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambako Leakey huyohuyo alichimba mwaka 1937 na 1938. Pale kuna safu za vishimo vilivyotobolewa mwambani, na mchezaji yeyote wa bao akiviona anajua la kufanya. Umri wa vishimo hivyo ni taabu kuupima, maana kishimo hakina mkaa wala mfupa ndani yake.

Lakini jiwe peke yake si sababu ya Pemba kukosa michoro ya mwambani. Kuna bahari. Miaka elfu ishirini iliyopita, maji yaliposhuka kiasi cha mita 120, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na wawindaji walikaa katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Mifupa ya punda milia imepatikana humo, mnyama ambaye hakuogelea kufika kisiwani. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Haukukauka hata kidogo. Aliyefika Pemba alikuja na chombo, na alikuja akiwa mkulima, mvuvi au mfanyabiashara. Kijiji kikubwa cha Tumbe, kaskazini, kilistawi kati ya karne ya 7 na ya 10.

Kwa hiyo sanaa ya mawe ya Pemba ni sanaa ya wajenzi. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, hukatika na kupokea nakshi, kisha hukauka likawa gumu. Ufundi huo ndio uliozaa maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Pemba kuna magofu ya Chwaka, na Ras Mkumbuu yenye msikiti na makaburi ya nguzo.

Kwangu mimi, hata hivyo, la ajabu kuliko yote liko Pujini. Ngome ile ya karne ya 15 inahusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yanasema aliwalazimisha watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Ndani yake kuna kisima kilichogawanywa, inasemekana ili wake zake wawili wasionane. Na chini ya ardhi kuna chumba, ambacho mwanaakiolojia Adria LaViolette alikichunguza katika miaka ya 1990, chenye sanamu ya siwa iliyotokezwa kwa plasta ukutani. Siwa ni pembe ya enzi, hupulizwa mbele za watu. Kuiweka mahali pa giza namna ile, pasipo hadhira, ni jambo linalonifanya nidhani chumba kilikuwa cha tambiko kuliko cha fahari.

Ipo aina nyingine ya michoro pwani, isiyo na mfadhili wala mtawala. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti wa vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye plasta ya kuta za kale, Gedi na Kilwa zikiwemo: milingoti, matanga, kamba, vingine vimechorwa na mtu aliyejua kila fundo, vingine kwa mkono wa kitoto. Ukiniuliza ni nini hapa pwani kinachokaribiana na vishimo vya Hyrax Hill, nitakuonyesha hivyo, si nakshi za mihrabu. Vyote viwili, nadhani, ni kazi ya watu waliokuwa wamekaa wakisubiri kitu, wenye ncha kali mkononi na muda wa kutosha.