Juma la Mkesha: Blackpool na Likizo ya Wafanyakazi wa Pamba

Miongoni mwa miji ya pwani ya Uingereza iliyojengwa kwa ajili ya wageni, Blackpool, ulioko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndio uliowafanya watu wa kazi za mikono, badala ya mabwana wenye mashamba, kuwa wageni wake wakuu. Scarborough na Brighton, miji iliyoutangulia, ilipata heshima yake kwa matabibu na wakuu: wa kwanza ulianzia kwenye chemchemi ya karne ya 17 iliyosadikiwa kuponya, na wa pili ulivuma baada ya tabibu Richard Russell kuchapisha, mwaka 1750, kitabu cha Kilatini kilichosifu maji ya bahari kuwa dawa ya maradhi ya tezi, kisha mrithi wa kiti cha ufalme akajijengea huko kasri la starehe. Blackpool haukuwa na chemchemi yenye sifa, haukuwa na bandari, wala haukujengewa kasri na mwana wa mfalme. Ulioinua mji huo ni mshahara wa viwanda vya pamba vya bara, na kwa hiyo historia yake haieleweki pasipo kuanza na historia ya kazi.

Jina lenyewe lina maana ya bwawa jeusi, nalo latokana na kijito kilichopita katika ardhi ya mboji na kumwaga baharini maji yenye rangi nyeusi. Mwandishi William Hutton wa Birmingham alipoufikia ufuko huo mwaka 1788 alikuta nyumba chache zilizotawanyika mbele ya bahari, na wageni wachache wenye nafasi waliofuata agizo la matabibu la kuoga katika maji ya chumvi. Kuoga huko kulikuwa tiba yenye taratibu zake: mgonjwa aliingia katika kibanda cha mbao kilichowekwa juu ya magurudumu, farasi akakikokota hadi majini, naye akashuka kwa ngazi ya nyuma bila kuonekana na walio nchi kavu, na zamu ya wanawake ilipofika kengele iligongwa ili wanaume waondoke ufukoni. Hesabu ya watu ya mwaka 1801 iliwakuta wakazi 473 tu. Karne moja baadaye walikuwa karibu 47,000, na ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa uzuri wa mahali, maana ufuko wa Blackpool ni tambarare, upepo wake ni mkali, na maji ya Bahari ya Ireland ni baridi hata wakati wa kiangazi.

Reli ilifika Aprili 1846, ikiwa tawi la njia iliyokuwa imekwisha kujengwa kutoka Preston kwenda Fleetwood. Wanahistoria wengi huishia hapo, wakisema kwamba treni ndiyo iliyouzaa mji. Hata hivyo treni ilifika katika miji mingi ya pwani ambayo haikukua hivyo, kwa kuwa chombo cha usafiri hakimfai mtu asiyekuwa na siku ya kusafiri wala nauli ya kulipa. Jambo la kuchunguza, basi, ni jinsi wafanyakazi wa Lancashire walivyopata vyote viwili, siku na nauli, mapema kuliko wenzao wa sehemu nyingine za Uingereza.

Siku walizipata katika desturi ya kale. Kila parokia ya Lancashire ilikuwa na sikukuu ya mtakatifu aliyekabidhiwa kanisa lake, na usiku wa kuamkia sikukuu hiyo waumini walikesha kanisani. Kwa sababu hiyo sherehe yenyewe ikaitwa kwa jina lenye maana ya mkesha, na jina likabaki hata baada ya ibada kusahauliwa na kuachia nafasi magulio, ngoma na ulevi. Viwanda vya mvuke vilipoenea, wenye viwanda walijaribu kuifuta desturi hii, wakaona kwamba wafanyakazi huondoka hata wakikatazwa, na kwamba kiwanda chenye nusu ya watu wake kina hasara kubwa kuliko kilichofungwa. Polepole wakakubali kuzima mitambo yote ya mji kwa siku chache, hatimaye kwa juma zima, na juma hilo likatumiwa kusafisha matanuri ya mvuke na kutengeneza mashine. Hivyo likizo iliyotetewa na wafanyakazi wenyewe ikaingia katika kalenda ya kiwanda, na jambo hili lapasa kusisitizwa, kwa kuwa sheria ya Bunge ya mwaka 1871 iliyoweka siku za mapumziko ya mabenki, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa mwanzo wa likizo za Waingereza, ilitoa siku mojamoja tu, na ilikuja wakati watu wa pamba wakiwa na desturi yao tayari.

Kila mji ulikuwa na juma lake, tangu Juni hadi Septemba, kwa mfano Oldham mwishoni mwa Agosti. Mji uliokuwa katika mkesha ulibaki kama mahame: maduka yalifungwa, mabomba ya viwanda hayakutoa moshi, na mitaa mizima ilihamia ufukoni kwa treni. Kwa Blackpool mpangilio huu ulikuwa neema isiyopatikana kwingine, kwa sababu wageni hawakumiminika wote kwa pamoja, bali mji mmoja ulipoondoka mwingine ulifika, na vitanda vilijaa miezi yote ya kiangazi.

Nauli ilitokana na muundo wa ajira ya pamba. Katika miji ya kufuma kama Burnley, Nelson na Blackburn, wanawake walifanya kazi kiwandani hata baada ya kuolewa, na vijana waliingia kiwandani wakiwa wadogo, hata nyumba moja ikapokea mishahara mitatu au minne. Likizo hiyo haikulipwa, na juma la mkesha lilikuwa juma lisilo na mshahara. Kwa hiyo familia zilijiunga katika vyama vya akiba vilivyoendeshwa kiwandani, kanisani au kwenye kilabu cha pombe. Vyama hivyo vilitofautiana na upatu unaojulikana Afrika Mashariki, ambamo wanachama hupokea kwa zamu, kwa kuwa huko kila mmoja aliweka senti zake kila juma na wote wakagawiwa fedha zao kwa siku moja, katika mkesha wa safari. Mwaka mzima wa kujinyima ulitumika kwa siku saba. Wapo waliouita huo ubadhirifu, lakini hukumu hiyo haina haki kwa watu waliopumua vumbi la pamba na kuziwishwa na kelele za mitambo kwa majuma mengine yote.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kuwakumbuka watu hawa. Sehemu ya kanga zilizovaliwa Unguja, Mombasa na Lamu tangu mwisho wa karne ya 19 zilichapwa katika viwanda vya Manchester na vitongoji vyake, na pamba iliyolimwa na wakulima wa Uganda tangu mwanzo wa karne ya 20 ilitakiwa ilishe mitambo ya Lancashire. Fedha iliyojenga kumbi za Blackpool ilitoka katika biashara ambayo mikono ya Waafrika ilikuwamo, kwa kulima na kwa kununua, ingawa mikono hiyo haikupewa juma la mapumziko.

Mgeni alipofika, aliyempokea alikuwa mama mwenye nyumba, na hakuna mtu aliyeujenga mji huo zaidi yake. Karibu na vituo vya reli zilipangwa safu za nyumba nyembamba za matofali, kila moja ikiongozwa na mwanamke, mara nyingi mjane au mke aliyeacha mumewe aendelee na kazi nyingine, na wengi wao walitoka katika miji ileile ya viwanda, hata familia za mji fulani zikawa zinafikia kwa mwenyeji wa kwao mwaka baada ya mwaka. Utaratibu wa malazi ulikuwa wa pekee: mgeni alilipia kitanda, akanunua chakula chake sokoni, akakiweka kabatini kikiwa na alama ya jina lake, na mama mwenye nyumba akampikia kila mgeni sufuria yake. Chumvi, pilipili na siki vilivyowekwa mezani vilitozwa senti kando, na ada hiyo ikawa mada ya mizaha isiyokwisha. Mizaha hiyo imemwonea mama huyu. Alikuwa na majuma machache ya kupata riziki ya mwaka mzima, alilala jikoni na watoto wake ili vyumba vyote vikodiwe, na katika zama ambazo mwanamke alifungiwa milango mingi ya biashara, alimiliki shughuli yake na kuandika hesabu zake mwenyewe.

Starehe zilizojengwa juu ya msingi huu zinajulikana zaidi. Mwaka 1863 lilifunguliwa gati la kwanza, yaani jukwaa refu la chuma linaloingia baharini kwa ajili ya kutembea badala ya kupakulia mizigo, na kwa kuwa kiingilio chake kiliwabagua maskini, la pili likafunguliwa mwaka 1868 na kuwa gati la watu wa kawaida, ambako walicheza dansi chini ya anga. Mwaka 1879 manispaa iliweka taa za umeme kando ya bahari, na mwaka huohuo ikapata idhini ya Bunge ya kutumia sehemu ya kodi ya majengo kuutangaza mji, haki ambayo miji shindani haikuwa nayo. Tramu ya umeme ilianza Septemba 1885. Mnara uliofuata mfano wa ule wa Eiffel ulifunguliwa Mei 1894, wenye urefu wa mita 158, ukiwa na sarakasi kati ya miguu yake na ukumbi wa dansi ambao Frank Matcham aliusanifu upya mwaka 1899 kwa dhahabu na michoro ya dari. Mfumaji aliyelipa senti chache aliingia katika ukumbi uliofanana na wa kifalme, akakaribishwa humo kama mwenye haki, na jambo hilo lilikuwa na uzito katika nchi iliyogawanyika kwa matabaka kiasi kile.

Manispaa haikuwa upande wa watu daima. Mwaka 1897 ilijaribu kuwafukuza mchangani wachuuzi, waganga wa kienyeji na watabiri waliosoma tabia za watu kwa kupapasa vichwa vyao. Nao wakahamia katika viwanja vya mbele vya nyumba zilizoelekea bahari, wakazaa mtaa wa maonyesho ulioitwa Maili ya Dhahabu.

Sheria ya mwaka 1938 kuhusu likizo yenye malipo ilionekana kuwa ushindi wa Blackpool, na baada ya vita vya pili vya dunia mji ulifurika. Anguko lilipokuja, lawama zilitupiwa safari za ndege za bei nafuu kwenda Hispania, nazo zilichangia. Lakini chanzo kikubwa kilikuwa kufungwa kwa viwanda vya pamba, kimoja baada ya kingine, tangu miaka ya 1950, kwa kuwa mji usio na viwanda hauna juma la kuvifunga. Nyumba nyingi za wageni ziligeuzwa vyumba vya kupanga vya watu wasio na kazi, na vipimo vya serikali vya mwaka 2019 viliitaja Blackpool kuwa wilaya yenye ufukara mkubwa kuliko zote za Uingereza. Taa za kando ya bahari bado huwashwa kila mwaka na ukumbi wa mnara bado huchezewa dansi. Kituo Kikuu cha reli, ambacho kwa vizazi kadhaa kiliwapokea watu wa mkesha hatua chache kutoka kwenye mnara, kilifungwa Novemba 1964, na ardhi yake ikafanywa maegesho ya magari.